Lifti ya ngazi kwenye mezoneti ya Nairobi: reli, betri na stima inayopotea

Wengi wanaokuja kuitazama lifti yetu, yaani kiti kinachopanda na kushuka ngazi juu ya reli, huanza kwa kugongagonga ukuta, waone kama utabeba uzito. Ukuta hauhusiki. Reli husimama kwa miguu ya chuma iliyofungwa kwenye vidato vyenyewe, kwa hiyo swali la kwanza ni kama ngazi zako zina kona au hazina.

Zetu hazina. Ni vidato 16 vya zege na terazo, upana wa sentimita 90, reli ya mita tano na nusu, na kiti cha kubeba hadi kilo 120. Anayekitumia ni mama, ambaye magoti yamegoma lakini bado anasimama mwenyewe kwa fimbo. Safari moja ni sekunde 45 hivi. Ukiwa umesimama chini ukingoja kiti, utaona kinajikokota. Ukiwa umekikalia, mwendo huo unatosha kabisa. Kiwango cha Ulaya, EN 81-40, hakiruhusu kuzidi mita 0.15 kwa sekunde, basi muuzaji akisifu mbio za kiti chake anakupigia debe tu.

Penye kona hesabu inabadilika. Reli ya kona hutengenezwa kwa vipimo vya ngazi zako peke yake: fundi hubandika alama kwenye vidato, hupiga picha, picha huenda kiwandani, na reli hurudi ikiwa vipande vya kuunganisha. Bei huwa mara mbili ya ile iliyonyooka au zaidi, unangoja wiki nyingi, na siku ukihama reli hiyo haimfai mtu mwingine. Kama mtumiaji anaweza kusimama na kupiga hatua tatu nne, mimi ningechagua lifti mbili fupi zilizonyooka: moja inamfikisha pale ngazi zinapogeukia, anashuka, anakalia ya pili. Gharama yake ni mota mbili na betri nne za kutunza, na lazima pale katikati pawe na nafasi ya viti viwili bila kugusana. Asiyeweza kusimama, mpango huu haumfai.

Kabla ya kumwita muuzaji, mpime mtu mwenyewe. Akae mgongo umenyooka, upime kutoka mgongoni hadi ncha ya goti. Kwenye kiti hiki mtu husafiri ubavu, akitazama upande wa pili wa ngazi, kwa hiyo magoti yake ndiyo yanayokaribia grili au ukuta. Ngazi za sentimita 75 zinaweza kutosha mtu mfupi zikamkatalia mrefu mwenye goti lisilokunjika vizuri. Kisha tazama juu: pale sakafu ya ghorofa inapoanzia pana ukingo wa zege, na kichwa cha aliyeketi hupita karibu nao. Halafu chini. Reli huchomoza sentimita 30 au zaidi mbele ya kidato cha kwanza, na kama hapo ndipo ulipo mlango wa jikoni au wa choo cha wageni, utahitaji reli yenye bawaba inayokunjwa. Bawaba ni gharama nyingine, tena ni sehemu nyingine ya kuharibika.

Ufungaji wetu ulichukua nusu siku. Pigania jambo moja: terazo isitobolewe kwa drili ya kugonga tangu mwanzo. Fundi abandike selotepu ya karatasi, aanze taratibu bila kugonga mpaka apite tabaka la juu, ndipo awashe nyundo ya drili akifika kwenye zege. Mashimo yakae mbali na ukingo wa kidato, la sivyo bolti ikitanuka inameguka na kipande. Kwenye vigae, gonga kwanza kwa kifundo cha kidole. Panapolia wazi, chini hakuna saruji, na kigae kitapasuka mguu ukikazwa.

Sasa betri, maana hapa ndipo lifti nyingi hufia. Mota haiendeshwi na umeme wa ukutani. Inaendeshwa na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24, na chaja huzijaza kiti kinapokuwa kimeegeshwa mwisho wa reli, juu au chini. Ndiyo maana stima ikipotea mama hakwami. Zikiwa nzima, zetu zinatoa safari kumi hivi za kwenda na kurudi, na hilo linatosha kwa siku ambayo Kenya Power wametangaza kukatiza mtaa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Kinachoua betri ni kukaa bila chaji, wala si safari nyingi. Tokeni zikiisha usiku, au mtu akichomoa plagi ya chaja ili achaji simu, huenda mtu asijue mpaka kiti kisimame kidato cha tisa na mtu juu yake. Hatari kubwa kuliko zote ni Desemba: familia inaenda ushago wiki tatu, swichi kuu inazimwa kwa usalama, na kiti kinaachwa kimewashwa. Mnarudi Januari betri zimekufa zote mbili. Ama iache soketi hiyo na umeme, ama uzime swichi ya kiti chenyewe kabla ya kufunga nyumba. Chaja yetu tumeichomeka kupitia kile kifaa cha kukinga friji, kwa sababu stima inaporudi kwa kishindo ndipo chaja huungua.

Kiti kisipokaa sawasawa kwenye kituo cha chaji hulia pii, pii bila kuchoka. Kikikosea kwa sentimita mbili tu, kinalia. Usiku sauti hiyo inaudhi hadi mtu anafikiria kuizima, lakini ikinyamazishwa umepoteza mlinzi. Mara nyingi sababu ni uchafu kwenye vile vibamba vya shaba mwishoni mwa reli: anayepiga deki hushusha maji ya ngazi hadi chini, vumbi linaganda, chaji haipiti. Chomoa chaja, futa vibamba kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha vikauke, chomeka tena.

Betri zenyewe hudumu miaka mitatu hadi mitano. Zetu ni za asidi zilizofungwa, volti 12, ampea-saa 7, ukubwa ule ule unaotumika kwenye kengele za wezi na fensi za umeme, kwa hiyo Luthuli Avenue zinapatikana. Soma kwanza zilizomo kwenye kiti chako, maana modeli hutofautiana, na linganisha upana wa vile vichwa vya kuchomekea waya. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Mpya ikifungwa na kuukuu, kuukuu huivuta mwenzake kaburini. Dai upimiwe dukani: iliyojaa na kupumzika inasoma karibu volti 12.8, na iliyolala rafuni hadi ikashuka chini ya 12 usiipokee hata kwa punguzo. Nyumbani chomoa chaja, zima swichi ya kiti, piga picha ya waya kabla ya kugusa chochote, na bisibisi isiguse ncha mbili kwa mpigo.

Kiti kikigoma, usikimbilie simu. Anza na mkono wa kiti: haujashushwa? Kiti kimegeuzwa kikaachwa bila kujifunga mahali pake? Kwenye kidato pana kandambili? Kibao cha miguu kina kingo za usalama zinazokata mota zikiguswa, na kandambili moja inatosha. Ukishindwa, piga picha namba au herufi inayoonekana kwenye kioo kidogo kabla hujazima, kwa sababu fundi ataanzia hapo. Mpira wa kingo hizo ukikwama kwa vumbi, kiti kitakubali kwenda upande mmoja tu. Meno ya reli yafutwe kwa kitambaa kikavu, kisha grisi nyembamba. Mafuta ya kupikia au ya injini yanakusanya vumbi la mtaa mpaka gia inaanza kusaga.

Sehemu ya kutazama kwa makini wakati wa kujaribu ni kushuka juu, wala si safari yenyewe. Kiti lazima kigeuke kuelekea sakafu ya ghorofa na kujifunga kwa mlio wa tak, ndipo mtu asimame mgongo wake ukielekea ngazi. Mwache mtumiaji akigeuze kwa mkono wake mwenyewe mara tano dukani. Asipoweza, lipia kinachogeuka kwa mota. Hapa sisi tulibana pesa, na mpaka leo kila mama anapofika juu lazima mtu apande kumgeuzia.

Za mtumba kutoka Uingereza zipo, na ya reli iliyonyooka inaweza kukufaa: reli ndefu hukatwa, ila fupi haichomelewi kipande. Usinunue mbuzi kwenye gunia. Hakikisha ni ya upande wa ngazi zako, kibandiko cha uzito kinasomeka, chaja na rimoti zote mbili zipo, na kiti kinatembea mbele yako na mtu mzito juu yake, sio kitupu. Ya kona ya mtumba iache hapo hapo. Na iwe mpya au kuukuu, muulize muuzaji ni vipuri gani anavyo Nairobi leo. Aliyetuuzia sisi alijibu "vyote", kisha mpira mmoja wa kibao cha miguu ukatungojesha miezi miwili.

Fimbo au kiti cha magurudumu viwe viwili, kimoja juu na kimoja chini. Lifti hubeba mtu tu, na fimbo inayoshikwa mkononi njiani ndiyo inayonasa kwenye grili.