Waliniuzia Kifo cha Mtu Mwingine

"Kwa majina ya namna hii, anayekaribiana vya kutosha huchukuliwa kuwa ndiye, na wateja wengi huridhika." Hayo ndiyo maneno niliyoandikiwa na mhudumu wa kampuni moja inayouza huduma ya kutafuta kumbukumbu za mababu mtandaoni, baada ya kumweleza kwa upole kwamba cheti cha kifo walichonitafutia hakikuwa cha baba mzazi wa babu yangu. Imepita miezi kadhaa tangu niyasome maneno hayo, na bado nikiyakumbuka moyo unanipanda.

Baba yake babu yangu alikuwa baharia. Aliondoka nyumbani akiwa kijana, akamwacha mtoto mmoja mchanga ambaye ndiye babu yangu, akafanya kazi ya kuchochea makaa kwenye meli za mvuke, na asirudi tena. Kilichofika nyumbani ni barua moja tu. Barua yenyewe ilipotea zamani, lakini bahasha ilibaki, na nyuma yake pameandikwa anwani ya nyumba ya kupanga mabaharia katika mji wa Cardiff, huko Wales. Baba yangu, ambaye sasa ni mtu mzima sana, aliniomba jambo moja: nimjulishe babu yake alifia wapi, na aliugua nini. Nikalipia uanachama wa mwaka mzima, na juu yake nikalipia huduma ya pekee ambayo mtaalamu wao humtafutia mteja kumbukumbu hizo kwa niaba yake.

Majibu yalikuja upesi, nami nikafurahi. Cheti kilisema marehemu alikufa kwa maradhi ya moyo akiwa na umri wa miaka 58, katika mji ulio mbali na bahari, na kwamba alikuwa kibarua wa shamba. Nilikiamini, kwa sababu kilikuwa na jina linalofanana na letu na kilitoka kwa watu niliowalipa wanisomee, na wakati ule mimi mwenyewe sikujua kukisoma. Nilimpigia baba simu siku hiyo hiyo nikamsomea kila kitu. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniomba nirudie tarehe polepole ili aiandike. Nawaomba wasomaji waelewe kwamba hasira yangu yote inatoka hapo: baada ya wiki chache nililazimika kumpigia tena mzee yule na kumwambia aifute.

Nilijuaje kwamba siye? Vyeti vya vifo vya England na Wales vya zama zile havitaji wazazi wa marehemu wala mahali alipozaliwa. Safu ya mahali pa kuzaliwa iliongezwa mwaka 1969. Kwa hiyo jina na umri peke yake havithibitishi lolote, hasa kwa kuwa umri ulitajwa na mtu mwingine kadiri alivyokisia. Safu inayobeba uzito ni ile ya mtoa taarifa, yaani mtu aliyekwenda kwa msajili, ambapo huandikwa jina lake, uhusiano wake na marehemu, na makazi yake. Katika cheti kile mtoa taarifa alikuwa mtoto wa kike wa marehemu aliyeishi naye. Nikamtafuta marehemu huyo katika sensa ya 1911, na nikamkuta pale pale kijijini alipozaliwa, pamoja na mkewe na watoto wake. Hakuwahi kuwa baharia, na hakutoka kwetu. Kazi hiyo ilinichukua muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai, na mtaalamu aliyelipwa hakuifanya.

Ndipo nikawaandikia, na ndipo nikapata jibu lile la "majina ya namna hii". Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ndani yake mna nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba wasajili na makarani wa sensa waliandika majina ya wageni kama walivyoyasikia, na mtu mmoja anaweza kuonekana kwa tahajia tatu katika karatasi tatu. Lakini hiyo ni sababu ya kutafuta kwa uangalifu mkubwa zaidi. Mhudumu aliifanya kuwa sababu ya kuacha kutafuta, kana kwamba mtu ambaye jina lake ni gumu kuandika hastahili kuwa na kifo chake mwenyewe.

Nikaanza upya peke yangu. Kwa jina sikupata kitu, hivyo nikaliacha jina kabisa na kutafuta kwa anwani ya bahasha. Sensa ya 1911, iliyohesabu watu waliolala katika kila nyumba usiku wa tarehe 2 Aprili, ina neema moja ambayo sensa zilizoitangulia hazina: karatasi za kaya zenyewe zimehifadhiwa. Kwa sensa za 1841 hadi 1901 kinachosomwa leo kwa kawaida ni madaftari ambamo makarani walinakili karatasi hizo kabla hazijatupwa. Nilifungua picha ya ukurasa wa nyumba ile nikakuta wapangaji sita, wote mabaharia, na wa nne alikuwa yeye. Mpangaji, umri miaka 26, mchochea makaa melini. Mahali pa kuzaliwa palikuwa na neno moja tu, Afrika, bara zima. Herufi ya kwanza ya jina lake ni S, lakini aliyeandika aliivuta mkia na kuizungusha kichwa mpaka aliyeiingiza katika faharasa ya kampuni, yaani orodha ya majina ya kutafutia, akaisoma L. Kwa kosa hilo la herufi moja, mtu alikuwa amefichika ndani ya kumbukumbu ambazo nilikuwa nimelipia kuziona.

Sensa iliyofuata ilifanyika tarehe 19 Juni 1921, baada ya kuahirishwa kutoka Aprili, na ilifunguliwa kwa umma Januari 2022 kwa kuwa sheria huzifunga karatasi hizo kwa miaka 100. Nyumba ilikuwapo, mwenye nyumba alikuwapo, yeye hakuwapo. Angeweza kuwa baharini, na kama angekuwa hivyo ningekwama, kwani sensa ya 1931 ya England na Wales iliteketea kwa moto Desemba 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Nikaamua kupitia faharasa ya vifo ya wilaya ile, robo mwaka baada ya robo mwaka, kuanzia pale sensa moja ilipomwona hadi pale nyingine ilipomkosa. Hizo ni robo zipatazo arobaini, na kila moja niliipitia kwa kila tahajia niliyoweza kuifikiria, nikikumbuka kwamba faharasa hufuata tarehe ya kusajiliwa, hivyo aliyekufa mwishoni mwa Machi na kusajiliwa Aprili huwekwa katika robo inayoishia Juni.

Nilimpata usiku mmoja nikiwa nimekwisha kata tamaa. Nilipoletewa cheti sikutazama jina kwanza. Nilitazama makazi ya mtoa taarifa, nayo yalikuwa ni anwani ya bahasha, mtaa ule ule na namba ile ile.

Nilikuwa nimedhamiria kuandika kwamba mtu yeyote asiwape kampuni ile fedha zake. Sasa nikiandika naona haki inanidai nikiri kwamba picha ya ukurasa wa 1911 niliiona kwao, tena ilikuwa safi, yenye kusomeka hadi kwenye kingo, na bila hiyo bahasha yetu ingebaki bahasha. Kwa anayetaka kutazama kurasa kwa macho yake, labda uanachama wao una thamani. Hapana, hata hilo naliondoa nusu, kwa sababu ombi langu la kurudishiwa fedha za ule utafutaji lilikataliwa kwa maelezo kwamba "utafutaji ulifanyika", na ombi la kusahihisha herufi ile nimelituma mara tatu pamoja na picha na maelezo, na mpaka leo kwenye faharasa yao bado ameandikwa kwa L. Anayetaka kuwalipa wamtafutie, asiwalipe. Anayetaka kuwalipa ili atafute mwenyewe, aamue, lakini akumbuke kwamba faharasa ni kazi ya mtu mwingine aliyesoma kwa haraka.

Baba nilimpigia kwa mara ya tatu. Safari hii nilimwambia kwanza jinsi nilivyothibitisha, kwa kuwa alikuwa na haki ya kutoniamini. Nikamwambia babu yake alikuwa na umri wa miaka 33, kwamba kilichomwua ni kifua kikuu, na kwamba alifia katika nyumba ile ile, si hospitalini. Nikamwambia kuwa aliyekwenda kwa msajili ni mama mwenye nyumba, na kwamba cheti kinasema alikuwapo alipokata roho, na kwamba hakujua kuandika, kwa hiyo mahali pa sahihi pana alama ya msalaba. Baba hakuuliza tarehe. Aliniuliza yule mama aliitwa nani, nikamtajia, naye akasema, "Ngoja, mwanangu, nichukue kalamu," kisha akanitaka nimtajie herufi kwa herufi.