Nimeipima Mashine ya Presha Yenyewe

Karibuni tena. Mezani nina mashine mbili za kupima presha: moja ya kufunga juu ya kiwiko, nyingine ya kifundo cha mkono. Pembeni kuna nesi na stetoskopu yake. Leo yeye ndiye hakimu.

Nesi anasikiliza. Mapigo yakianza kusikika anasoma namba ya juu, yakipotea anasoma ya chini. Hizi mashine hazisikii kitu. Zinahisi mtikisiko wa mshipa kupitia hewa iliyo ndani ya mkanda, halafu zinapiga hesabu, na kila kiwanda kina hesabu yake ya siri. Zisipolingana sawasawa msishtuke.

Haya. Nimetulia dakika tano, nimeegemea, miguu chini, kimya (kwangu hiyo ni kazi). Nesi: 124 kwa 78. Tumesubiri kidogo, mashine ya juu ya kiwiko: 127 kwa 80. Tumerudia: nesi 122, mashine 125. Sina neno. Kiwango cha kimataifa cha kuhakiki mashine hizi, ISO 81060-2, kinataka zijaribiwe kwa watu wasiopungua 85, wastani wa tofauti kati ya mashine na msikilizaji usizidi milimita 5 za zebaki (kipimo cha presha), na mtawanyiko, yaani tofauti hizo zinavyoachana na wastani wake, usizidi 8. Mimi ni mtu mmoja, kwa hiyo hapa tunaonja tu.

Sasa tazameni hii ya kifundo. Mkono usawa wa moyo: 126. Nauteremsha mapajani: 141! Mtu yule yule, mashine ile ile. Kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza kama milimita 7 au 8, na ni wangapi wanaokumbuka kuinua mkono?

Lililonikera zaidi ni mkanda. Huu uliokuja na mashine ya juu ya kiwiko umeandikwa sentimita 22 hadi 32. Mpiga picha wangu mkono wake ni 36. Tumemfunga hivyo hivyo, utepe wa kunata umeshika kwa upana wa kidole tu: 148. Tukamvalisha mkanda mkubwa: 133. Jamani, mtu angeanzishiwa dawa kwa sababu ya kitambaa!

Ya juu ya kiwiko nabaki nayo. Ya kifundo inarudi kwenye boksi. Kabla hujalipia, chukua tepu ya fundi cherehani, zungushia katikati ya bega na kiwiko, linganisha na namba za kwenye mkanda.

Mpiga picha anauliza kama mkanda mkubwa unauzwa peke yake. Unauzwa, ila chukua uliotengenezwa kwa mashine hiyo hiyo. Mikanda ya viwanda vingine itavuruga ile hesabu.