Programu ya simu ya kutambua uyoga: nimetembea nayo vuli nzima

Hii programu nimeilipia mwaka mzima, sio ile ya bure ya siku saba, na nimezunguka nayo msituni tangu majani yaanze kupukutika mpaka juzi baridi ilipoanza kung'ata vidole (nasema vuli ya majani kupukutika jamani, sio vuli ya mvua). Mimi uyoga wa porini sili, napiga picha tu na napenda kujua jina la nilichokipiga. Naipa nyota tatu kwa tano.

Uyoga wenye sura yake haiukosei. Ule mwekundu wa madoa meupe, Amanita muscaria, unapewa jina kabla hujatoa kidole. Uyoga mamama uliopangana kwenye gogo nao hivyo hivyo, na inafanya kazi hata mtandao ukikata, huko msituni hilo ni jambo kubwa.

Sasa shida. Siku moja nikakuta uyoga wa zambarau umejificha kwenye majani yaliyooza, mzuri huo mpaka nikapiga magoti kwenye tope, nikapiga picha ya juu, ikaniambia Lepista nuda, asilimia 94, na pembeni kialama cha kijani cha kisu na uma, yaani unalika. Nikasogea kidogo kivuli changu kikatoka, nikapiga tena, ikasema Cortinarius. Ya tatu jina jingine kabisa. Uyoga ule ule, dakika mbili hazijaisha!

Nikaubeba nyumbani nikakata kofia, nikailaza kwenye karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, nikafunika na glasi nikalala zangu. Asubuhi vumbi la spora, yaani mbegu za uyoga, limejichora mistari mistari kama miale ya jua, rangi ya kutu. Lepista nuda vumbi lake ni la waridi hafifu, kwa hiyo huu ulikuwa Cortinarius, na kwenye ukoo huo zipo aina zinazoharibu figo na unaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, bila kujua kitu. Kinachoniuma ni kwamba dalili ilikuwepo pale pale, shina lilikuwa na vinyuzi kama utando wa buibui vimeshika hiyo kutu, ila programu haijawahi kuniomba picha ya shina. Inaomba moja tu, ya juu.

Siku hizi napiga nne bila kuambiwa: juu, chini ya kofia, shina mpaka kitako, na miti iliyo jirani. Kitako unakichimbua kwa kisu, ukiuvuta tu, ule mfuko unaozunguka kitako cha Amanita phalloides, uyoga wa sumu inayoua, unabaki ardhini na umeshapoteza ushahidi. Mwanga wa mwisho wa vuli ni mdogo sana chini ya miti, mkono ukitikisika kidogo picha ni ukungu mtupu, kwa hiyo naegemeza simu kwenye begi, naweka taima sekunde mbili, na kioo kidogo cha mkononi nakilaza chini kirushe mwanga ndani ya kofia. Flashi sitaki kuiona, kofia ikiwa imelowa inang'aa kama sahani. Na baada ya usiku wa jalidi usitegemee sana majibu ya programu, rangi zinageuka, hata mimi nachanganyikiwa.

Nimewaandikia kuhusu kile kialama cha kisu na uma. Nikawaeleza kuwa sumu ya phalloides haitoki kwa kupika, na mtu anaanza kutapika saa sita au zaidi baada ya kula, mpaka hapo sumu imeshaingia mwilini na inakwenda kwenye ini. Wamejibu asante kwa maoni yako, na kijikatuni cha uyoga unaotabasamu.

Nitalipia tena? Labda, inapanga picha zangu vizuri kwa tarehe na mahali, na hilo silipati kwingine. Kisu na uma bado vipo, nimeangalia leo asubuhi.