English Grammar in Use: kinamfaa nani?

Kitabu hiki cha sarufi ya Kiingereza cha Raymond Murphy, toleo la 5 la mwaka 2019, kina sura fupi 145. Raha yake ni mpangilio: ukurasa wa kushoto maelezo, wa kulia mazoezi, basi.

Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili, sura ya 92 hadi 96 za vishazi rejeshi (vile vya "who" na "which") zinarudisha bei yote. Tumezoea kusema "kitabu nilichokinunua", kwa hiyo mkono unaandika "the book which I bought it". Hiyo "it" ni -ki- yetu iliyojipenyeza. Ifute, maana "which" imeshafanya kazi hiyo. Sura ya 93 inaonyesha kwamba hata "which" yenyewe inaweza kuachwa: "the book I bought". Isiachwe tu inapokuwa kiima. Ukiiondoa "who" katika "the man who called", unabaki na sentensi nyingine kabisa: mtu alipiga simu.

Kwenye vitenzi, anza na sura ya 13 na 14. Kwetu "nimemwona jana" inapita, lakini "I have seen him yesterday" ni kosa. Ukitaja jana, andika "I saw him".

Maelezo yote ni ya Kiingereza, hivyo anayeanza kabisa atakwama. Achukue kwanza Essential Grammar in Use ya mwandishi huyohuyo, yenye jalada jekundu. Na dukani angalia vizuri: kuna nakala zisizo na majibu, na hizo kwa anayejisomea peke yake ni hasara tupu.