GStreamer kwa Python: uzoefu wangu na kanda za harusi

Bi mmoja wa Kibokoni aliniletea kanda 14 za VHS, harusi ya bintiye, nyingine zimeshaota ukungu kwa hewa yetu ya bahari. Kazi yangu ni kuzihamishia kwenye kompyuta. Zamani nilikaa nikazitazama hadi mwisho, kisha nikakata sehemu tupu kwa mkono. Safari hii nikataka programu ikate yenyewe, nikaiandika kwa Python juu ya GStreamer, maktaba ya kushughulikia video na sauti.

Kuiweka kwanza, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Jioni nzima nilihangaika na pip, kisakinishi cha Python. Kwenye Ubuntu njia fupi ni apt, kisakinishi cha mfumo wenyewe: python3-gi, python3-gst-1.0 na gir1.2-gstreamer-1.0. Basi.

GStreamer imeandikwa kwa C. Viunganishi vyake vya Python, yaani daraja la kuiita C kutoka Python, kwa sehemu kubwa havikuandikwa amri moja moja. Huzaliwa kutokana na maelezo yaliyowekwa juu ya kila amri ndani ya C: hii yaweza kurudisha patupu, hii ikirudisha kitu mwenyewe ni nani. PyGObject, ambayo ndiyo daraja lenyewe, huyasoma hayo programu ikiwa inaendelea. Kwa hiyo maktaba ikiongezwa amri, Python nayo huipata bila mtu kuketi kuiandika upya. Hilo nalipenda mno.

Lakini maelezo yakikosea, utalia. Ni kama masufuria ya kuazima kwenye shughuli: lazima ijulikane lipi la nani. Plagini moja ya nje, yaani kipande cha kuongezea GStreamer, niliyoitumia ilikuwa inamkabidhi Python kitu moja kwa moja, ilhali maelezo yanasema ameazimwa tu. Python haachilii kisicho chake, kwa hiyo kila fremu, yaani kila picha moja ya video, iliacha kipande kwenye kumbukumbu. Kompyuta yangu ya mtumba ina GB 4. Nusu saa haikufika, imeganda. Ingekuwa kinyume, Python angetupa mali ya mwenzake na programu ingeweza kuanguka, na afadhali hivyo, ungejua mapema. Marekebisho yalikuwa neno moja tu: none (ameazimwa) ikawa full (amepewa kabisa). Kulitafuta kulinichukua siku tatu. Niliwatumia wenye plagini, wakalikubali.

Kosa jingine lilikuwa langu. Appsink, sehemu ya GStreamer inayoikabidhi programu yako fremu, usipoiwekea kikomo cha max-buffers, hupanga fremu foleni bila kikomo. Mimi nachota polepole, kanda inakwenda, foleni inarefuka, nami nalaumu viunganishi!

Halafu kuna uzito. Fremu ya PAL, mfumo wa video wa kanda hizi, kwa rangi za RGB (baiti tatu kila nukta) ni 720 kwa 576, yaani baiti 1,244,160, na ziko 25 kwa sekunde. Ukizinakili zote kuzileta upande wa Python, ni zaidi ya megabaiti 31 kila sekunde. Nikaweka tee, kigawanyaji cha njia: tawi moja linarekodi picha kamili, yote ndani ya C, jingine linapunguza hadi 160 kwa 128 bila rangi, baiti 20,480, na hiyo ndiyo Python anaonyeshwa. Kujua kama skrini ni nyeusi, hiyo yatosha na kubaki.

Wapo wanaonishauri nihamie Rust, ambako viunganishi hukagua mambo mengi ya umiliki kabla programu haijaanza. Sawa, lakini kwa kazi ya duka, ya kubadilisha mstari na kujaribu tena mteja akiwa amesimama, nabaki na Python.

Kanda ya tisa ndiyo iliyoniaibisha. Programu ilikata dakika sita, nami nikampa Bi bila kukagua. Akarudi kesho yake: "Mwanangu, vugo langu li wapi?" Kumbe usiku ule stima ilipotea, kamera ikaendelea kwa betri, picha giza tupu, na wanawake hawakunyamaza hata kidogo kwa nyimbo zao za vugo. Sasa nimeongeza level, kipima sauti cha GStreamer, isikilize sauti kabla ya kukata chochote, na dakika zile sita nimemrudishia, nyeusi vilevile.