Mkoba wenye mfuko wa bastola: mzuri kwa macho, mbaya kwa Nairobi

"Nishikie mkoba, nakuja." Maneno hayo husemwa mara ngapi kwa siku kanisani, saluni au kwenye harusi? Mwanamke mwenye leseni akiyasema huku bastola yake imo ndani ya mkoba, ameshamkabidhi dada yake silaha ambayo dada hana cheti nayo. Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, kuwa na silaha bila cheti ni kosa la jinai. Tunaanzia hapo kwa sababu mikoba hii ya kike ya kuficha bastola, inayoagizwa mtandaoni kutoka Marekani, huuzwa kana kwamba mkoba haubanduki begani.

Tuseme ukweli kuhusu kazi ya mikono kwanza: ni nzuri. Ngozi ni nene, mishono imerudiwa, na kati ya vyumba viwili vya kawaida kuna mfuko wa tatu unaofunguka ubavuni kwa zipu, kulia au kushoto. Ndani ya mfuko huo kuna ala ya nailoni inayobandikwa kwa velkro. Zipu ina kikufuli kidogo, na mkanda wa begani umepitishwa waya wa chuma ili kisu kisiukate.

Shida kubwa iko kwenye ala. Nailoni ni laini. Bastola ya Glock 19, kwa mfano, haina kitufe cha nje cha usalama. Kinachozuia risasi kutoka ni kifyatulio chenyewe, ambacho hukubali kikibonyezwa kwa nguvu ya takriban kilo 2.5. Bonyeza ubavu wa ala kwa kidole gumba, pale kifyatulio kinapokaa. Ikiwa kitambaa kinaingia ndani, basi funguo, kalamu au kona ya kopo la pauda inaweza kuingia vilevile. Velkro nayo huchoka: baada ya miezi kadhaa ala hugeuka kidogo kidogo, na siku ukiingiza mkono unakutana na mtutu badala ya mpini.

Halafu kuna uzito. Glock 19 iliyojaa risasi 15 ina gramu 850 hivi; bastola ya Ceska aina ya CZ 75 hufika kilo moja hata kabla ya kujazwa. Kabla ya kununua, tia pakiti ya sukari ya kilo moja ndani ya mfuko wa siri, vaa mkoba, tembea ngazi mbili tatu. Mkoba ukilala upande mmoja au bega likishuka, mtu yeyote anayekutazama stejini anaona kuna kitu kizito humo.

Na Nairobi wanatazama. Mkoba ndicho kitu cha kwanza kunyakuliwa, iwe na mtu wa miguu au na aliyepakiwa kwenye bodaboda, na dirisha la gari likiwa wazi kwenye foleni mkono huingia humo humo. Ule waya wa chuma unaosifiwa una hatari yake hapa: pikipiki ikiuvuta mkanda usiokatika, mwanamke huburutwa kwenye lami. Ukikatika, mwizi amekwenda na bastola yako, nawe umebaki mikono mitupu. Wala huwezi kudai haki ya kumpiga risasi mtu anayekimbia kwa kuwa amebeba mkoba. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu hupima kujihami kwa misingi ya sheria ya Kiingereza, na swali la kwanza ni kama maisha yalikuwa hatarini na kama nguvu iliyotumika ililingana na hatari hiyo.

Kisha mlango wa mall. Tangu shambulio la kigaidi kwenye mall ya Westgate, Septemba 2013, upekuzi ni jambo la kila siku: mkoba unaenda mezani au kwenye mashine, wewe unapita kando. Kwa sekunde hizo bastola haiko mikononi mwako, na soja anaweza kuivuta nje mbele ya watu bila kujua kama ina risasi kwenye chemba, yaani tayari kufyatuliwa. Bastola ikiwa kiunoni, unasimama kabla ya meza na kusema kwa sauti ya chini, "Afande, nimebeba silaha, cheti hiki hapa," naye anamwita mkubwa wake. Usiishike, usiifunue.

Mkoba huu umebuniwa kwa maisha mengine. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 ya Marekani hayamdai tena mtu mzima kibali cha kubeba bastola iliyofichwa. Hapa cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, kwa jina lako na kwa bastola ile ile moja, na huhuishwa kila mwaka. Kabla yake kuna cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai (shilingi 1,050 kupitia eCitizen, alama za vidole kwenye fomu C24). Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya. Kibali cha Texas au Idaho hakina nguvu Nairobi.

Na hata huko kwao mkoba umeua. Desemba 2014, mjini Hayden, Idaho, mwanamke mwenye kibali alikuwa dukani na watoto. Bastola ilikuwa ndani ya mkoba uliotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo, zipu imefungwa. Mtoto wake wa miaka 2 akaufungua, risasi ikatoka, mama akafa. Kila mama anajua mtoto wa umri huo hutafuta peremende wapi.

Tunachopendekeza ni ala ngumu ya plastiki, ya Kydex au mfano wake, inayofunika kifyatulio chote na kuvaliwa ndani ya suruali, kwa mshipi mgumu. Koti jepesi au blauzi pana huficha. Kwa gauni la kitenge au buibui, ambapo hakuna mshipi, kuna mkanda mpana wa tumboni wa kuvutika. Ukubali tu ule wenye ganda gumu upande wa kifyatulio, kwani wa kitambaa kitupu una kasoro ile ile ya mkoba. Mkanda huo hutoa jasho, hilo halikwepeki. Nenda nao uwanja wa shabaha, kama Kirigiti kule Kiambu, ufanye mazoezi ya kuvuta bila risasi kwanza, mwalimu akiwepo.

Ukiamua kuutumia mkoba hata hivyo, toa ala ya nailoni, weka ganda gumu lililofungwa kwa skrubu. Mfuko wa bastola usiwe na kitu kingine, hata risiti. Vaa mkanda ukipita kifuani, mfuko ukiwa upande wa mbele, mkono juu yake. Usiutundike kwenye kiti. Kila jioni bastola itoke iingie kwenye sefu, na mara moja kwa wiki pangusa vumbi na nyuzi za kitambaa zinazojikusanya kwenye chemba. Mkoba ukiibwa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu saa hiyo hiyo, taja nambari ya bastola, na usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.