Wachoraji wa komiki ninaowakubali zaidi: Mignola, Aja, Staples na Barly Baruti

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tunaongelea wachoraji wa komiki, waandishi tutawapa siku yao. Maana wengi wetu tukishika komiki tunakimbilia maneno tu, nani kampiga nani, nani kafa, alafu aliyechora yote hayo hata jina lake hatulijui, na mimi hilo linaniuma kweli. Nina vitabu vinne hapa mezani, twende.

Naanza na Mike Mignola, Mmarekani, huyu ndo baba wa Hellboy, lile jitu jekundu lenye mkono wa kulia wa jiwe. Kitabu cha kwanza cha mfululizo huu kilitoka 1994 kwa kampuni ya Dark Horse. Sasa ngoja nisogeze huu ukurasa karibu na kamera, mnaona hapo? Nusu ya uso haipo, hajaichora kabisa, kamwaga wino mweusi tu na jicho lako lenyewe ndo linamalizia pua na shavu na shingo. Na mkumbuke kipindi kile komiki za Marekani zilikuwa zimejaa vistari, kila msuli una vistari, kila mkunjo wa nguo una vistari, huo ndo ulikuwa mtindo wa kina Jim Lee, na simsemi vibaya Jim Lee, ile X-Men namba 1 ya 1991 aliyoichora yeye iliuzwa kopi zaidi ya milioni 8 na mpaka leo rekodi ni yake. Lakini Mignola akaamua kupunguza, anapunguza tu kila mwaka, mpaka kwenye Hellboy in Hell iliyoanza 2012 kuna kurasa zimebaki na maumbo matatu manne na giza.

Kingine anachofanya, na hiki mkishakiona hamtaacha kukiona, katikati ya ugomvi mkubwa anakuwekea kiboksi kidogo cha sanamu la kanisani, au fuvu, au chura. Hakuna neno hata moja humo, alafu ngumi zinaendelea. Unausikia ukimya wa lile jumba, aisee. Na rangi za Dave Stewart zimemuelewa, zimetulia, kijivu na bluu iliyofifia, mwekundu ni Hellboy peke yake. Kama unanunua, zipo Omnibus, yani vitabu vinene vya mkusanyiko, za kava laini, hadithi zimepangwa vizuri na bei inabebeka, lakini kama unataka michoro chukua Library Edition, ni kubwa, kava gumu, na nyuma wameweka michoro yake ya majaribio, ile sehemu peke yake ni darasa.

Haya, David Aja, Mhispania. Hawkeye ya Marvel, ilianza 2012, mwandishi ni Matt Fraction. Mimi nitaongelea namba 11 tu, ya 2013, kwa sababu namba nzima inasimuliwa na mbwa. Mbwa anaitwa Lucky, na hajui lugha ya watu, kwa hiyo watu wakiongea, vile viduara vya maneno vimejaa michirizi isiyosomeka, unaambulia yale maneno machache mbwa anayoyajua. Kila anayekutana naye anazungukwa na vialama vidogo, vile kama vya vyoo vya airport, vinaonyesha ananukia nini, katoka wapi, ana uhusiano na nani, na mistari inaviunganisha kama ramani. Yani Aja kachora pua! Ilishinda tuzo ya Eisner, ile tuzo kubwa ya komiki Marekani, mwaka 2014 kama toleo bora moja, na ilistahili. Ila hii msiisomee kwenye simu, viboksi ni vidogo mno, utachoka na kuvuta vuta screen.

Fiona Staples sasa, Mkanada, komiki yake ni Saga, ya kampuni ya Image Comics, ilianza 2012, anaandika Brian K. Vaughan. Huyu anachora kidijitali, watu wake wana mistari ya wino lakini nyuma yao kapaka rangi tu bila mistari, kwa hiyo unahisi kama umesimamisha filamu ya katuni. Na yale maneno ya msimulizi ni mwandiko wake mwenyewe Fiona, kayaandika juu ya picha kwa mkono. Nyuso ndo kiboko, mtu kachoka na mtoto mchanga, unaona kabisa kachoka. Wakati mwingine nyuma panabaki patupu kidogo kwangu. Na ni ya watu wazima, msiwape watoto.

Nimemuacha mwisho Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani kule Kongo, 1959, kwa sababu huyu nataka nimkalie. Kitabu ni Madame Livingstone, kaandika na Christophe Cassiau-Haurie, kimetoka 2014. Ni Vita ya Kwanza ya Dunia, rubani wa Kibelgiji katumwa Ziwa Tanganyika kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na anayemuongoza ni chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kusema baba yake ni Livingstone. Wa Kigoma mmeshaijua hiyo meli, ndo Liemba yenu! Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua, na 1927 ikarudi kazini kwa hilo jina.

Baruti anapaka rangi moja kwa moja kwenye karatasi, siyo kompyuta, kwa hiyo ziwa lina maji kweli, anga ina unyevu, ukiangalia hapa pembeni unaona brashi ilivyopita. Na ngozi za watu weusi, jamani, hazipakwi kahawia moja ile ya kumaliza kazi, kila mtu ana rangi yake, ina zambarau kivulini, ina njano juani, na kila askari kwenye msafara ana sura yake. Nimesoma komiki nyingi za nje kuhusu Afrika ambazo Waafrika wote wana uso mmoja, ndo maana huyu mzee namheshimu.

Kitabu kipo kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Ukipata mtu anakuja kutoka Ulaya mwagizie hicho kwanza, Hellboy itasubiri.